Ukuta Niliounusa

Mwezi uliopita ofisini kwetu Clairwood, hapa Durban, tulimuaga mwenzetu aliyestaafu, na waliopanga chakula wakachagua baa moja ya kizamani kule Queensburgh. Mimi si mtu wa baa. Nilikwenda kwa sababu mwenzako akiagwa ukakosekana, maneno yake utayasikia mwaka mzima. Tuliposhuka kwenye gari nikaiona nyumba ya mawe yenye paa la mteremko mkali na dohani mbili, moyo ukanilipuka kabla akili haijajua kwa nini. Uani kulikuwa na mafundi wanamalizia ukuta, na harufu ya chokaa iliyolowa ilikuwa imeingia hadi ndani. Nikasimama katikati ya njia mpaka mhudumu akaniomba nipishe.

Nilikuwa nimesali humo. Zaidi ya mwaka mzima, kila Jumapili na kila Ijumaa ya maombi, nikiwa na miaka saba kwenda minane. Wenzangu wa kazini sikuwaambia, wangecheka mpaka Krismasi. Nawaambia ninyi wa rika langu, mliokulia kwenye makanisa ya kupanga, mnaojua kubeba viti vya plastiki kichwani na kuimba mkiwa na wasiwasi kwamba jirani ameshapiga simu polisi kwa ajili ya makelele.

Kanisa letu lilikuwa la watu wa Uvira na Bukavu, pamoja na Warundi kadhaa. Tulikuwa tumeshafukuzwa sehemu tatu kwa hayo makelele. Ndipo Pasta akapata nyumba hii kwa bibi mmoja Mwingereza, mzee sana, ambaye babu yake ndiye aliyeijenga. Ilikuwa imefungwa miaka mingi. Sharti la bibi lilikuwa moja: tusibomoe kitu, tusipigilie hata msumari. Pasta alijua vizuri kwamba ilikuwa baa. Alichotuambia ni kwamba ni nyumba ya zamani ya Wazungu, basi, mengine tukayajaza wenyewe.

Na mimi nilijaza kuliko wote. Nyumba ya mawe niliyoijua maishani ilikuwa moja tu, kanisa la misheni linaloonekana nyuma ya Papa na Mama kwenye picha yao ya harusi. Kwa hiyo kwangu mawe yalikuwa kanisa. Kaunta ndefu ya mbao nyeusi nikaona ni madhabahu. Chini yake, karibu na sakafu, ilipita fimbo ya shaba, nikajua ni ya kushika mtu akipiga magoti, na kila Jumapili nilipiga magoti nikaishika. Mfuniko wa mbao sakafuni, wenye pete ya chuma, ulikuwa wa kisima cha ubatizo. Madirisha yalikuwa madogo, yenye vipande vya vioo vyekundu na kijani, na saa nne asubuhi jua lilipopita pale, shati jeupe la mpiga kinanda lilipata madoa ya rangi. Boriti za dari zilikuwa nyeusi na chini kiasi kwamba Pasta, aliyekuwa mrefu, alijifunza kuhubiri bila kurukaruka.

Lakini kilichonimaliza ni meko ya ukutani. Ilikuwa kubwa, mimi na Mama tungesimama ndani yake tusigusane. Nani anawasha moto ndani ya nyumba Durban? Huku watu wanalala na feni. Nikaamua kwamba ni chumba cha Pasta cha kumsikilizia Mungu, maana ukiingiza kichwa ulisikia upepo ukizungumza juu kwenye dohani. Nilimweleza hivyo mdogo wangu, naye akaogopa kukaa upande ule hadi tulipohama.

Papa alikuwa fundi mawe. Alifundishwa na baba yake, aliyefundishwa na mapadri wa misheni. Durban hakuna aliyemuuliza anajua nini. Alivalishwa koti la rangi ya machungwa, akachunga magari kwenye paking ya maduka siku sita kwa wiki, "sharp boss, sharp", yaani poa bosi, huku anaongoza watu wanaorudi nyuma bila kumtazama. Mwiko wake, patasi mbili na timazi ya kunyooshea ukuta vilikaa chini ya kitanda kwenye mfuko wa unga. Timazi ile ilikuwa imevuka mipaka minne. Mama alikuwa akisema angevusha sufuria ingekuwa afadhali.

Jumapili ya kwanza ibada ilianza Papa hayupo, Mama akanituma nimtafute. Nikamkuta nje, kiganja chake juu ya jiwe la pembe.

"Kuja uone, Riziki," akasema. "Huyu alikuwa fundi kweli kweli."

Akanionyesha mawe ya pembeni yanavyopishana, moja refu, moja fupi, ili kuta mbili zishikane. Akanionyesha tao la juu ya mlango, na jiwe la katikati linalobana mengine yote. Mawe yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na ukuta unene wake ulishinda urefu wa mkono wangu. Halafu akapitisha kidole kwenye mistari kati ya jiwe na jiwe, akakunja uso. "Hapa mtu mwingine amekuja nyuma na simenti. Eish. Ameharibu." Ndani watu walikuwa wameshafika kwenye wimbo wa tatu. Papa hakuwa na haraka hata kidogo, na sikuwahi kumwona hivyo tangu tufike nchi hii.

Mvua za msimu wa joto zilipoanza, ukuta wa upande zinakotokea, ule wa karibu na kaunta, ukatoa doa. Kwanza kama sahani, baadaye kama meza. Rangi ikavimba, ikaanza kubanduka. Na wiki hiyohiyo Mama Ester, kiongozi wa waombezi, akiwa anapangusa kaunta, akaingiza mkono chini yake akagusa chuma. Kilikuwa chuma cha kufungulia chupa, na kifuniko kimoja chenye kutu kilikuwa bado kimekwama. Mama Ester hakuhitaji kuelezwa. Mume wake alimalizwa na chupa huko Bujumbura, akamwachia watoto wanne. Alikaa chini palepale, kitambaa mkononi.

Baadaye akainuka akaenda kwenye lile doa. "Mungu wangu," akasema, "pombe yao iliingia kwenye mawe. Sasa inatoka."

Nilikuwa karibu, nakunja vitambaa. Nikasogeza pua ukutani, kama mtoto yeyote angefanya. Palikuwa na harufu chachu. Nikasema nilichofikiri: "Mama Ester, inanuka kama Tonton." Tonton ni mdogo wake Mama, aliyekaa kwetu miezi kadhaa, na alipokunywa nyumba nzima ilijua kabla hajavua viatu.

Jumapili iliyofuata nilisimamishwa juu ya kiti nikapewa maiki. Nikashuhudia. Vigelegele vilipigwa mpaka vile vioo vikatetemeka. Shuleni kwetu hata mwalimu hakuweza kutamka jina langu. Hapa watu wazima mia moja walikuwa wananyamaza ili wanisikie. Ikawa desturi. Baada ya mahubiri Mama Ester aliita, "Riziki, kuja unuse," nami nilikwenda, nikafumba macho, nikaweka pua, nikangoja kidogo. Niligundua mapema kwamba nikingoja watu wanaogopa zaidi. Kisha nasema, "Iko." Hapo waombezi wanapaka ukuta mafuta ya upako, ya zeituni, chupa nzima, na doa linazidi kuwa jeusi.

Siku ya kwanza nilisema nilichodhani ni kweli. Kufika ya tatu nilikuwa nasikia mafuta ya zeituni peke yake. Nikaendelea kusema iko. Mama Ester alinisuka nywele bure, msuko mpya kila wiki mbili, na Mama alininunulia soksi zenye urembo pembeni. Mnataka niseme nini? Nilifurahi mno.

Kwenye mkutano wa kanisa ikasemwa tuhame, nyumba imelaaniwa. Papa akanyoosha mkono. Hakuwa mzee wa kanisa, na hakuwa na kawaida ya kusema.

"Ndugu zangu," alisema, "hii haiko pombe. Hii ni mvua. Ukuta wa mawe unapumua. Chokaa inaruhusu maji kuingia, na inaruhusu yatoke. Simenti imefunga mdomo wa ukuta. Maji yakiingia yanakosa njia. Na hii mafuta tunapaka, samahani Mama Ester, ndiyo tunazidi kufunga."

"Papa Riziki," Mama Ester akamjibu taratibu, bila ubaya, "mtoto wako mwenyewe ameshuhudia."

Watu wakaguna kukubali. Papa akanitazama, nami nikatazama soksi zangu.

Pasta ndiye aliyeokoa jambo. Hakutaka kutafuta nyumba nyingine, alikuwa amechoka. Akasema Papa apewe kipande kimoja, kuanzia dirishani hadi pembeni, pale doa lilipo baya zaidi. Akitengeneze kwa namna yake. Mvua kubwa ikipiga mara mbili, tukitazame. Harufu ikiwa imekwisha, tunabaki. Ikiwa bado iko, tunaondoka.

Kwa yule bibi mwenye nyumba, aliyekaa jirani na hapo, nilikwenda mimi na Papa, maana Kiingereza cha Papa kilikuwa cha paking. Alikuja mlangoni na fimbo yake, akatutazama kwa mashaka. Papa akaniambia nimweleze habari ya ukuta kupumua. Nikaeleza. Bibi akasema babu yake alikuwa akisema maneno hayohayo, na kwamba wale wa simenti waliletwa na mumewe, yeye hakutaka. Akatueleza kwamba babu yake alikumbuka sana baa ya kijiji cha kwao Uingereza, akaijenga upya hapa kwa kumbukumbu, paa la kumwagia theluji, meko, kila kitu. Ilipokamilika wakawasha moto siku ya kwanza, watu wote wakakimbilia nje kwa joto.

Nilipomfasiria Papa alicheka akajishikiza mlangoni. "Maskini," akasema. "Alikuwa na hamu ya kwao tu." Bibi akauliza amesema nini, nikamwambia. Akatupa ruhusa.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwa hakika kwamba madhabahu yangu ilikuwa kaunta ya bia. Iliniuma, sitaki kudanganya. Ile fimbo ya shaba niliyoishika nikisali ilikuwa ya walevi kuwekea mguu.

Kazi ilimchukua Papa Jumamosi tano. Mchanga wa pwani aliukataa. Alitafuta wa mtoni, akausugua viganjani karibu na sikio kusikia kama una udongo, akauonja kwa ulimi kama una chumvi. Aling'oa simenti kwa patasi, pole pole, asiguse kingo za mawe. Alibandua rangi upande wa ndani. Alinyunyiza maji, akasukumia chokaa kwenye mistari, akaibana kwa ncha ya mwiko, akafunika kipande chote kwa magunia yaliyolowa. Siku za kati alipitia pale akitoka paking, bado na koti lake la machungwa, kuyalowesha tena.

"Juu ya nini unalowesha, kama unataka ikauke?" nikamuuliza.

"Chokaa haikauki," akasema. "Inaiva. Ukiiharakisha inakuwa unga."

Alikuwa anaimba akifanya kazi. Nyumbani alianza kukaa mezani akasimulia habari za baba yake, na Mama akawa anamtazama kwa pembe ya jicho na kutabasamu. Siku moja yule bibi alimletea chai kwenye kikombe cha maua, akasimama kumwangalia muda mrefu, akaniambia nimwambie kwamba mvua ikipita anataka kuzungumza naye juu ya kuta zilizobaki. Nyumba nzima. Papa alipofasiriwa alikaa kwenye ndoo yake akakamua kitambaa ambacho hakikuwa na maji.

Mvua kubwa zikapiga, mbili, moja baada ya nyingine. Asubuhi ya ile Jumapili Papa alivaa suti ya harusi. Njiani alinishika mkono, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Leo ni wewe utasema," akaniambia. "Sema tu kile pua inasikia. Basi."

Kipande cha Papa kilikuwa kikavu. Kila mwenye macho aliona: mawe ya rangi ya chai, mistari myeupe safi, na kuanzia dirishani kwenda upande wa pili doa jeusi palepale. Pasta aliweka kiganja akasema, "Kweli, iko kavu." Mama Ester akasema macho yanadanganyika, tumwite mtoto.

Nikaenda. Nikafumba macho, nikaweka pua. Hapakuwa na kitu. Ilinukia mawe, na chokaa kwa mbali, harufu ya mikono ya Papa. Nikangoja, kama kawaida yangu, na katika kungoja huko nikafikiri. Nikisema haiko, imekwisha. Jumapili ijayo hakuna atakayeniita. Mama Ester atamsuka mtoto mwingine. Nilikuwa na miaka minane na hayo ndiyo niliyoyapiga hesabu, nimeshika ukuta ambao baba yangu alikuwa ameutia maisha yake yote.

"Iko," nikasema.

Waombezi wakaanza kulia. Nilipofumbua macho nikamwona Papa amesimama kwenye mstari wa tatu. Alikuwa ananitazama mimi, wala hakuutazama ukuta. Kisha akaketi, akafungua Biblia yake.

Mwezi haukuisha tukahamia ghala moja Clairwood, paa la bati, malori yanapita mpaka mahubiri hayasikiki. Safari hiyo hakuna aliyelalamikia kelele zetu. Mama Ester hakuniita tena, maana hapakuwa na ukuta wa kunusa; nywele zangu zikarudi kwa Mama. Kuhusu yule bibi, sijui alifikiri nini. Papa hakwenda kwake. Alisema asingeweza kufanya kazi kwenye nyumba ambayo kanisa lake limeikimbia, watu wangemwonaje. Aliosha mwiko, patasi na timazi, akavirudisha kwenye mfuko wa unga. Alichunga magari miaka kumi na sita mingine. Hakunikaripia, hakuniuliza. Mimi nilimaliza shule, nikapata kazi, nikaolewa, na kila nilipomwona na lile koti nilijua ni mimi niliyelirudisha mabegani mwake.

Sasa rudini kwenye ile sherehe ya kuaga. Nilikwenda kukaa kwenye meza ya karibu na dirisha, nikagusa ukuta. Mkavu. Kuta zote zilikuwa kavu, zote zina mistari myeupe ileile. Mwenye baa, kijana mchangamfu, akaona naupapasa, akaja kujisifu. Walipoinunua nyumba, alisema, kuta zote zilikuwa zimeoza kwa simenti isipokuwa kipande kimoja, kuanzia dirishani hadi pembeni. Wataalamu wa majengo ya kale wakakisoma kile kipande wiki nzima, wakaamuru nyumba yote itengenezwe kwa kukifuatisha. Ni kazi ya wajenzi wa kwanza, akaniambia, Waingereza wale wa zamani. Siku hizi hakuna anayejua kufanya hivi.

Nilishindwa kula.

Jumamosi iliyofuata nilimpeleka Papa. Hajawahi kukanyaga baa, na alisita mlangoni mpaka nikamwambia asome tao kwanza. Akalisoma. Akaingia ameinama. Nikamkalisha kwenye meza ileile, akaagiza soda, nikamweleza aliyoniambia yule kijana, yote. Papa akacheka mpaka akatoa miwani.

"Kumbe mimi ni Mwingereza," akasema. "Wa zamani."

Akaweka kiganja ukutani, akafuata mistari kwa kidole chake kikubwa, mmoja mmoja, kama anayekagua kazi ya mwanafunzi. Nikaona nikingoja zaidi sitasema tena.

"Papa," nikamwambia, "siku ile huu ukuta haukunuka kitu."

Kidole hakikusimama. "Najua," akasema. "Hata mimi niko na pua."

"Sasa juu ya nini ulinyamaza?"

Alifika mwisho wa mstari, pale pembeni, akafuta vumbi kidoleni. "Ningesimama niseme nini? Riziki wangu ni mwongo, mbele ya kanisa lote?" Akachukua soda yake. "Ukuta ukiharibika mimi najua kutengeneza. Jina la mtoto sijui."

Nililia palepale, kwenye baa, saa saba mchana, na Papa akanisogezea kitambaa cha mezani.